Nondo Ambazo Hazikuwemo Darajani

Kila asubuhi Chiriku alipiga deki darasa la sita pamoja na wenzake, kisha wakakimbilia mstarini. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Asubuhi hiyo ulikuwa umekauka kabisa.

Wiki iliyopita wanafunzi waliagizwa wawaulize wazee historia ya daraja dogo la zege, lile la upinde mmoja lililo chini ya shule. Bibi yake mwenyewe alibeba kokoto lilipojengwa. Lakini bibi akianza kusimulia hamalizi, na wenzake walikuwa wakimsubiri kuruka kamba. Chiriku akatunga tu: nondo nene kama mkono wa mtu, tani kumi bila kutikisika. Akapata ishirini kwa ishirini, na insha ikabandikwa ofisini.

Sasa lori la matofali ya darasa jipya lilikuwa limesimama ng'ambo ya mto, na shule nzima ilikuwa imeshuka darajani kulipokea. Dereva alishuka, akachungulia chini ya upinde.

"Mwalimu, hili daraja lenu jembamba kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi!"

"Ondoa wasiwasi, ndugu yangu," mwalimu mkuu alicheka, akipunga karatasi aliyoibandua ukutani. "Wanafunzi wangu wamewauliza wazee. Lina nondo, linabeba tani kumi."

"Haya, kama wazee ndio wamesema."

Injini ikanguruma. Chiriku akasogea ukingoni mwa daraja. Akisema, shule nzima itamzomea. Asiposema, je? Gurudumu la mbele likasogea, likakaribia zege. Miguu yake ikatangulia kabla hajaamua.

"Simama! Simama!" alipiga kelele, mikono juu. "Mwalimu, nilitunga! Sikumwuliza mtu! Hizo nondo sizijui!"

Lori likasimama ghafla. Hakuna aliyecheka.

Bibi aliitwa, akaja akihema. "Nondo? Nondo zipi, wajukuu zangu? Tulijaza zege na mawe, karai kwa karai. Fundi alituonya: mkokoteni sawa, gari dogo sawa. Zaidi ya hapo, msijaribu."

Dereva akajifuta jasho. "Mwanangu, leo ningekunywa maji ya mto bila kikombe!"

Matofali yakavushwa kwa mkokoteni hadi saa kumi, Chiriku akisukuma mpaka viganja vikatoka malengelenge. Walipomaliza, mwalimu mkuu alimwita mbele ya wote.

"Insha yako sasa ni sifuri," alisema. "Na mimi nijipe sifuri yangu, maana niliamini bila kuuliza. Lakini sikilizeni, wanangu. Uongo wa kwenye daftari unaweza kuua mtu barabarani. Usilolijua, uliza. Ukikosea, sema mapema, hata kama sauti inatetemeka. Mwenzenu aliona aibu, akasema hivyo hivyo, na dereva leo anarudi kwa watoto wake."