Ajenti wa Jumamosi

Kila Jumamosi asubuhi, Mulki humsaidia mama yake kutandaza mitumba katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii. Kazi yake ni kukagua nguo moja moja, na hakuna tundu linalompita. "Huyu mtoto alistahili kuzaliwa polisi," mama yake hupenda kusema. Mulki ana umri wa miaka kumi na miwili na haamini kitu upesi. Hata akiambiwa chai ina sukari, huonja kwanza.

Jirani yao sokoni ni Mama Jethro, Msabato anayeuza ndizi. Ijumaa jua likianza kushuka, yeye hufunika ndizi zake kwa turubai na kwenda zake. Jumamosi moja Mulki alikutana naye akitoka kanisani, akataka kumpa pesa za ndizi walizokuwa wamechukua. Mama Jethro alificha mikono nyuma.

"Leo ni Sabato, mwanangu. Sigusi pesa. Niletee kesho," alisema.

Jumamosi hii, hata hivyo, Mulki hakwenda sokoni. Alifuatana na kaka yake, Zaki, hadi Ogembo. Zaki alikuwa amepata kazi yake ya kwanza huko, ya kuoka mikate, na mikate huanza kuokwa kabla ya alfajiri. Saa hizo hangepata gari la kutoka Kisii. Mwajiri wake alimwambia waziwazi kwamba asipopata chumba karibu kufikia Jumatatu, kazi atapewa mwingine. Lakini mshahara wa mwanzo ulikuwa mdogo mno, na vyumba vyote alivyoviona vilimshinda bei.

Ndipo alipoona tangazo kwenye simu. Ajenti mmoja aitwaye Machogu alikuwa na chumba safi, bei nafuu. Zaki alifurahi kupita kiasi. Mama yao hakufurahi.

"Nenda na ndugu yako," alimwambia Mulki. "Huyu akipenda kitu hufumba macho."

Machogu aliwapokea kwenye lango la ploti moja ya vyumba vya kupanga nyuma ya soko la Ogembo. Alivaa koti zuri na kutabasamu kwa meno yote. Ploti ilikuwa kimya. Milango yote ilikuwa imefungwa, na nguo zilining'inia kambani bila mwenyewe kuonekana. Mulki alianza kuhisi vibaya.

"Watu wako wapi?" aliuliza.

"Wako kanisani. Hapa ni mahali pa watu wa Mungu," Machogu alijibu huku akitazama lango. "Hata mimi ni mzee wa kanisa la Sabato. Hii ni ploti ya dada yangu."

Alitoa ufunguo mfukoni, akafungua mlango wa mwisho. Chumba kilikuwa kizuri kweli, chenye sakafu laini na dirisha lililotazama migomba. Zaki alisimama katikati akizungusha macho. Tayari alikuwa ameona mahali pa kuweka kitanda.

"Kuna vijana wawili wanakitaka," Machogu alisema kwa sauti ya chini. "Nitumie kodi na diposti kwa simu sasa hivi, niwaambie kimekwisha."

Zaki akatoa simu. Pesa hizo zilikuwa akiba yake yote, na nyingine alikuwa ameongezewa na mama. Mulki akawaza. Mzee wa kanisa la Sabato, Jumamosi, anaomba pesa? Mama Jethro alikuwa amekataa hata pesa zake mwenyewe! Alimvuta Zaki shati.

"Usitume," alinong'ona.

"Acha hizo, Mulki! Wewe unashuku hata kivuli chako."

Mulki aliogopa, lakini hakunyamaza. "Mjomba, leo si Sabato?"

Tabasamu la Machogu likayeyuka. "Mungu anaelewa shida za vijana," alisema.

"Basi twende hapo kanisani tukamsalimie dada yako. Nyimbo zinasikika hapa. Kaka yangu atatuma akishamwona."

Machogu alimtazama Mulki kwa chuki. Akasema amesahau karatasi za mkataba, anakwenda kuzichukua. Alitoka kwa haraka hata ufunguo akauacha mlangoni. Walimngoja. Nyimbo zikaisha, Machogu hakuonekana. Zaki aliirudisha simu mfukoni.

Mara lango likafunguka. Mama mmoja aliingia, Biblia kwapani, akawakuta mbele ya mlango ulio wazi.

"Nyinyi ni akina nani? Nani amewafungulia chumba changu?" alifoka.

Zaki alimweleza yote. Mama huyo, aliyejulikana kama Mama Ochoki, alipiga makofi kwa mshangao. Machogu hakuwa ndugu yake. Alikuwa mpangaji wa chumba hicho aliyehama mwezi uliopita, kumbe alikuwa amechonga ufunguo wa pili. Alijua kwamba Jumamosi ploti nzima huwa kanisani.

"Sasa mama, chumba hiki ni kodi ngapi?" Zaki aliuliza kwa unyonge.

"Leo ni Sabato. Mambo ya kodi siongei. Njooni kesho, na mje na mzazi."

Zaki alishusha mabega. Mulki naye, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alitabasamu. Huyu ndiye mwenye nyumba!

Jumapili walirudi na mama yao. Bei ilizidi ile ya Machogu, lakini Mama Ochoki alikubali Zaki alipe diposti kidogo kidogo. Kabla ya hapo alimuuliza maswali mengi: anafanya kazi wapi, anaishi na nani, ana tabia gani. Alimpigia hata mwajiri wake simu.

"Mama, mbona unatushuku hivyo?" Mulki aliuliza.

Mama Ochoki akacheka. "Omwana one, mwanangu, kushuku si kosa. Kosa ni kushuku ukakaa kimya. Kaka yako alikuwa karibu kuuziwa mbuzi kwenye gunia kwa sababu ya haraka. Wewe uliuliza, ukamwokoa. Mtu mkweli haogopi swali."

Akamkabidhi Zaki kufuli jipya na funguo mbili. Mulki, aliyejua kwamba kufuli jipya huja na funguo tatu, alizitazama, kisha akamtazama Mama Ochoki machoni.

"Na ya tatu iko wapi?"

Mama Ochoki alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akaitoa.