Kikombe cha Laki Mbili

Kila akitoka shule, Chapchap alivua sare, akanawa mikono, kisha akaenda kumpa bibi yake maji ya kunywa. Jina hilo alibandikwa na watu wa nyumbani kwa kukosa subira: hata chai aliinywa ikingali inamuunguza ulimi.

Tangu bibi augue, mikono yake ilitetemeka. Glasi ilimponyoka, maji yakamlowesha kifuani, naye akaona haya. Siku hizi alisema tu, "Sina kiu, mjukuu wangu," na huku midomo imemkauka. Muuguzi alikuwa ameshaonya kwamba asipokunywa maji ya kutosha, atalazwa tena.

"Bibi, kesho nitakuletea kikombe chako mwenyewe," Chapchap alimwambia Ijumaa moja. "Kitakuwa na vishikio viwili."

"Haya, mume wangu, nakingoja," bibi alijibu kwa utani, akimpapasa shavu.

Shangazi yake Chapchap alikuwa na karakana. Alichora vipuri kwenye kompyuta, kisha mashine ikavijenga kwa plastiki, tabaka juu ya tabaka. Alikuwa amemfundisha Chapchap kuchora, na kesho yake, Jumamosi, akamwachia kiti.

"Kichukue mililita mia mbili," alimwambia. "Kikizidi hapo kitamlemea. Ukikwama, niite."

Chapchap alichora kikombe kizuri, akabonyeza mahali pa kupima ujazo wa ndani. Kompyuta ikaandika 200,000. Laki mbili! Bibi angeinuaje pipa zima?

Shangazi alikuwa akizungumza na mteja mlangoni, na Chapchap aliona aibu kumwita, asije akaonekana hajui. Akaupunguza mchoro uwe nusu. Namba ikashuka hadi 25,000, bado kubwa mno. Akaupunguza ule wa kwanza uwe sehemu moja ya kumi. Namba ikawa 200. Akashusha pumzi. Kwenye kioo kikombe kilionekana vilevile, kwa sababu kompyuta ilikuwa imekisogeza karibu. Akaiwasha mashine.

Mashine ikanguruma kidogo tu, ikanyamaza. Chapchap akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na kitu kama punje ya hindi, na vishikio vyake vyembamba kama nywele.

Akaangua kilio. Shangazi akaja mbio, akakiweka kile kitu kiganjani.

"Mwanangu, hiki ni cha bibi au cha sisimizi?"

Chapchap akacheka na machozi yakimtiririka. "Nilimwahidi kumletea leo, shangazi. Ananingoja."

Shangazi akamfuta uso kwa upindo wa khanga, akaurudisha mchoro wa kwanza. "Hebu soma tena. Laki mbili za nini?"

Kando ya namba palikuwa na herufi ndogo ambazo Chapchap hakuziangalia. "Milimita za ujazo," akasoma.

"Ehee. Sasa fikiria kiboksi cha sentimita moja kila upande. Kila sentimita ina milimita kumi. Kumi mara kumi mara kumi?"

"Elfu moja."

"Basi kiboksi hicho kina milimita za ujazo elfu moja, na maji yanayokijaza ni mililita moja. Laki mbili ni mililita ngapi?"

Chapchap akagawanya kichwani, macho yakamtoka. "Mia mbili! Kumbe kilikuwa sawa!"

"Kilikuwa sawa kabisa. Wewe ukapunguza urefu, upana na kimo, vyote vitatu, mara kumi kila kimoja. Ndiyo maana ujazo ukapungua mara elfu."

Safari hii Chapchap alipima upya, akasoma namba pamoja na herufi zake, ndipo akaiwasha mashine. Kikombe kilichukua mchana kutwa. Walipokijaribu kwa maji yaliyopimwa, kilipokea mililita mia mbili bila kufurika.

Jioni bibi alikishika kwa mikono yote miwili. Kikatetemeka, lakini hakikumponyoka. Alikunywa kidogo kidogo, macho amefumba. Chapchap akamsimulia kisa chote, hata ile punje.

"Usiionee haya hiyo punje," shangazi alimwambia, akimvuta ubavuni. "Namba peke yake haijasema kitu mpaka ujue inahesabu nini. Na usipojua, uliza. Mimi nilikuwa hapo mlangoni tu."

Bibi akafumbua macho, akakisogeza mbele kikombe kitupu.

"Niongezee," akasema. "Nilikuwa na kiu siku nyingi."