Mkanda Usiokuwa na Kiuno

"Mkanda huu ni wa kiuno cha nani?"

Mama Marsela alisimama katikati ya chumba, ameshika mzigo wa ngozi na shanga uliokunjwa kama bendeji na kufungwa kwa uzi. Antonia, mke wa mwanawe, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Alimtazama mama mkwe wake kama vile anayegombezwa ni mtu mwingine.

"Nakuuliza wewe! Mkanda wa Kimasai unatafuta nini chini ya kitanda cha mwanangu?"

"Naushona mimi, mama."

"Unamshonea nani?"

"Simshonei mtu."

"Ahaa!" Mama Marsela akageukia dirisha na kupaza sauti, maana alijua jirani yao yuko ng'ambo ya uzio, anajifanya anang'oa magugu. "Mama Piusi, umesikia? Anamshonea mtu asiyekuwepo!"

"Nimesikia, shoga yangu," Mama Piusi akajibu bila hata kuinua kichwa. "Mwanamke akimshonea mwanaume wa Kimasai shanga, hapo pana neno. Na mimi yule mrefu wa fimbo namwona kila siku ya mnada."

Karatu ya miaka ile, mwanzoni mwa themanini, sabuni hakuna, sukari hakuna, lakini umbea haukuwahi kuadimika wala haukuhitaji foleni.

Na tuseme haki, umbea wenyewe ulikuwa na pa kuanzia. Kila siku ya mnada, Naserian, mama wa Kimasai aliyeshuka kutoka Ngorongoro kuuza maziwa, alikuwa akipitia kwa Antonia na kukaa. Kaka yake, Moringe, alimsubiri nje, mguu mmoja juu, ameegemea fimbo, shuka nyekundu inaonekana kutoka barabarani. Waliopita hawakumwona Naserian aliye ndani. Walimwona Moringe aliye nje.

Sasa mbona majirani wenyewe hawakuingia wakajionea? Hapo ndipo penye kidonda. Wakati wa mavuno, Antonia alijifungua mtoto wa kike ambaye hakulia. Alizikwa kwa sala, lakini wazee wa Kiiraqw walikuwa na lao: nyumba iliyofikwa na jambo hilo hukaa kando. Jirani haingii, hali chakula cha chungu chake, hakalii kiti chake, mpaka wazee waseme imetosha. Na hiyo ndiyo iliyokuwa nyumba ya watu mtaa mzima! Nyumba ya kusukana, ya kugombea kiti, ya kucheka mpaka chai inapoa. Ikazima kama koroboi. Mama Marsela peke yake aliingia, naye aliingia kugomba. Wilibrodi, mume, dereva wa hoteli moja juu ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, alipanda kurudi kazini udongo wa kaburi haujakauka, na toka hapo akawa anatuma unga na salamu.

Antonia hakulia. Alikufa ganzi tu. Alipika akasahau kula. Alishika kikombe cha chai ya moto asijue ni ya moto mpaka aone kiganja kimekuwa chekundu. Mara nyingine moyo ulimwenda mbio ghafla, pumzi zikabana, naye ameketi tu hana anayemfukuza.

Naserian hakuwa Mwiraqw. Mwiko wa nyumba ile haukumhusu. Siku ya kwanza aliingia kuomba maji.

"Takwenya!" alisalimia kwa Kimasai.

Zamani Antonia angeitikia "Iko!" na utani juu yake. Siku hiyo alimpa maji, basi.

"Wewe mama, mkono yako iko baridi. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Hakuna mahali inauma?"

"Hakuna."

"Basi hiyo ndiyo mbaya," Naserian akasema, akaketi palepale, kwenye kiti ambacho mtaa mzima ulikuwa umekiogopa. Akafungua kifuko chake. "Shika sindano."

"Sijui kushona shanga."

"Na mimi sijui kunyamaza. Shika."

Shanga za dukani zilikuwa hazipatikani, kwa hiyo nyingi Naserian alizikata kwenye madumu ya plastiki. Uzi waliuchomoa kwenye mfuko wa mbolea. Antonia alipitisha shanga akavuta pumzi, alikaza uzi akaitoa. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyofanya hata Naserian alipokwisha kuondoka. Moyo ukianza kumwenda mbio, alivuta ile kazi kutoka chini ya kitanda, na shanga chache baadaye alijikuta anapumua kama watu. Ngozi ikiisha, Naserian alileta kipande kingine wakakiunga.

"Niishie wapi?" Antonia alimwuliza siku moja.

"Ni ya nani?"

"Si ya mtu."

Naserian alicheka mpaka hereni zikagongana. "Basi hiyo haina kuishia!"

Mambo hayo Mama Marsela hakuyauliza. Alitoka na mkanda ulivyokunjwa, akamkabidhi Clemensi, dereva wa lori la mboga la hotelini. "Mpe mwanangu. Mwambie mkewe anamshonea Mmasai."

Kesho yake Clemensi alirudi na jibu. Alisimama nje ya uzio, kofia mkononi.

"Shemeji, mimi ni mdomo tu. Maneno si yangu."

"Sema, Clemensi."

"Wili anasema hashuki tena. Anasema uende kwa baba yako, kijijini Qurus. Ukapumzike huko."

"Mpaka lini?"

"Lini hakusema, shemeji."

Antonia akasubiri maumivu yaje. Hayakuja. Hilo ndilo lililomtisha. Wili huyu ndiye aliyemtongoza kwa honi ya gari, kila akipita Qurus anapiga, mpaka baba mtu akaapa kuing'oa ile honi. Leo anampoteza, naye amesimama kama anayeambiwa bei ya maharage. Alijiona wazi: akienda Qurus hivi alivyo, atakaa kwenye kiti kingine, atazame ukuta mwingine, na hatarudi tena kwa mtu yeyote.

Akajifunga kanga, akatoka. Hakuelekea Qurus. Alikwenda ofisi ndogo ya hoteli pale Karatu, kwenye redio koli.

"Mwanangu," mzee Qamara, karani wa redio, akamwambia, "mashine hii ni ya kuagiza nyanya na kuulizia wageni. Hotelini wanasikia, geti la hifadhi wanasikia, Oldeani wanasikia. Si ya mambo ya chumbani."

"Waache wasikie, baba. Upande mmoja wameshausikia."

Mzee akajikuna shingo. Alikuwa mtu wa heshima, lakini naye alipenda habari. "Haya. Bonyeza hapa ukisema. Ukimaliza, sema ova."

Wili akaitwa. Redio ikakoroma.

"Wilibrodi, ni mimi Antonia. Ova."

"Antonia? Redioni? Watu wanasikia! Ova."

"Mkanda unao? Ova."

"Ninao hapa kwenye koti. Ova."

"Umeufungua? Ova."

"Nifungue nione nini? Shanga za mwanaume nazijua. Ova."

"Ufungue, Wili. Ujifunge kiunoni. Ova."

Kisha ikaingia sauti nyingine kabisa: "Geti hapa. Wili, jifunge, kaka. Tunasubiri. Ova."

Mzee Qamara akageuza uso ukutani, mabega yanamcheza.

Wili aliporudi hewani, ukali ulikuwa umemtoka. "Antonia, nazunguka, nazunguka, na bado mwingine uko sakafuni. Ova."

"Nitajie mwanaume mwenye kiuno hicho. Ova."

"Geti hapa. Huyo si mwanaume. Huyo ni kiboko wa kreta. Ova."

Mtu alicheka Oldeani. Antonia hakucheka. Aliushika ule mdomo wa redio kwa mikono miwili.

"Si wa mtu. Nikishona, napumua. Nikiacha, naisikia nyumba ilivyo. Ndiyo maana sikutaka uishe. Ova."

"Kwa nini hukuniambia? Ova."

"Ulikuwepo? Ova."

Redio ikakoroma. Antonia akabonyeza tena.

"Mtoto wetu, huko umemwambia nani? Ova."

Mzee Qamara akagonga mashine, akidhani imekufa.

"Sijamwambia mtu," Wili akasema. "Huku jikoni nusu ni watu wa kwetu. Nikisema, hakuna atakayekaa na mimi kula. Kwa hiyo nakula nao, nacheka nao. Halafu naingia kwenye gari, nazima injini, nakaa tu. Na mkanda ulipofika, Antonia, nikwambie kweli, nilipumua. Nilipata sababu ya kutoiona ile nyumba. Ova."

Jibu lilitoka kwingine.

"Geti hapa," sauti ile ile ikasema, lakini mzaha umekwisha. "Wili, mimi ni Mwiraqw wa Mbulu, na miiko naijua. Ukishuka, pita hapa getini tule ugali sahani moja. Pole sana, kaka. Ova."

Na baada yake, sauti ya mama mmoja: "Oldeani hapa. Poleni sana, wazazi. Ova."

Wazazi. Hakuna aliyewahi kuwaita hivyo. Antonia alisikia kitu chini ya kifua. Bado hayakuwa maumivu, ilikuwa kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kuchomachoma, ule wakati hujui uukanyagie au uuache.

"Wili," akasema. "Shuka. Ova."

"Nashuka kesho. Ova."

Alishuka mchana na lori la Clemensi, mkanda amejitundika begani raundi kwa raundi kama mpira wa maji. Mama Piusi alikuwa kwenye magugu yake, habari za redio zimeshamfikia.

"Karibu, Wili! Naona kiboko kakuazima nguo!"

"Kiboko anakusalimu, Mama Piusi. Anauliza shamba gani hilo lisiloisha magugu."

Akaingia ndani. Antonia alikuwa ameketi sakafuni kwenye mkeka, kipande kipya cha ngozi mapajani.

"Umekula getini?" alimwuliza.

"Nimekula. Sahani moja."

"Haya. Shika mwisho wa mkanda, uukaze. Nataka kuunga."

Wili akakaa chini, mgongo ukutani, akashika. Walifanya kazi, yeye akivuta, Antonia akipitisha sindano.

"Nikikushika hivi, unasikia?" Wili aliuliza, akimgusa mkono.

"Kidogo."

"Umenikasirikia?"

"Hata hasira sina, Wili. Ikija nitakwambia."

"Ije. Mimi sitoki tena. Nitaomba gari la Karatu, wakikataa nitalima." Maneno aliyokuwa amezima pamoja na injini yakaanza kumtoka, moja likivuta jingine: jinsi alivyomchukua mtoto mikononi kabla ya kumfunika, alivyokuwa mzito kuliko alivyotegemea, alivyokuwa na nywele. "Hili sijakwambia. Nilimpa jina palepale kaburini, kimoyomoyo. Nilimwita Marsela, jina la ubatizo la mama."

Alisubiri. Kichwa cha Antonia kilikuwa kimemwangukia begani, mdomo wazi, sindano bado vidoleni. Amelala. Mwanamke ambaye kwa muda wote huo alikuwa akisinzia kama paka mwenye wasiwasi, amelala fofofo mchana kweupe, anakoroma.

Wili akamtoa sindano taratibu. Alipoinua macho, akamwona mama yake mlangoni, kanga ya kichwa mkononi, mdomo umefunguka tayari kwa kugomba. Amesimama hapo tangu lini, Wili hakujua. Lakini kule kugomba hakukutoka.

Mama Marsela akavua ndala. Akaja mpaka mkekani kwa kunyata, akachutama kwa shida mbele ya mkwe wake, akamtazama. Kisha akauliza kwa mnong'ono, sauti ambayo mtaa ule haukujua kwamba anayo:

"Amekula?"

"Bado, mama."

"Akiamka, asiguse jiko. Nitampikia mimi."