Mita Thelathini za Akiba

Injini ilinyamaza katikati ya ghuba ya ziwa, na kabla Opondo, mwenye mashua, hajamaliza kuilaani, wimbi la kwanza likaingia mashuani.

Mvua ilitoka upande wa Nyakach, imesimama wima kama ukuta. Upepo uliyabeba magugu maji, visiwa vizima vya majani mabichi, ukayasukuma hadi yakaizunguka mashua na kuifunga. Seif aliinama nyuma na panga akate mizizi iliyoinyonga propela. Wimbi likainua mashua. Panga likateleza, likazama kwenye paja lake.

Aliketi polepole, akalitazama paja lile kama la mtu mwingine.

"Lornah, leta kitu cha kufungia," alisema. " Kaza juu ya kidonda, siyo chini yake."

Lornah Akello alikaza. Kwa miaka sita mzee Seif alikuwa amemfundisha kuchora njia za nyaya za kioo, nyaya nyembamba kama unywele zinazobeba intaneti kwa mwanga. Safari hii walikuja kupima njia ya chini ya maji hadi ufuo wa Seme. Waya wa barabarani ulikuwa umekatwa na trekta wiki mbili nyuma, na ufuo mzima ukawa bubu. Ndiyo maana simu zao tatu sasa hazikuwa na kazi.

Seif alikuwa na neno lake moja: akiba. "Ramani ni bapa, dunia ina mabonde," alizoea kusema. "Kila mita mia ongeza tano, na mwishoni acha mzingo wa waya wa ziada." Lornah aliliheshimu neno hilo kwa mdomo tu. Moyoni aliona akiba ni kificho cha fundi asiyejua kupima. Asubuhi, pale Dunga walipoondokea, Seif alikuwa ameshika bunda la pili la kamba ya kupimia.

"Tubebe na hili."

"Mzee, ule mkono wa maji tunaopima ni mita mia tatu kamili. Nimepima mara mbili kwa kompyuta. Bunda moja linatosha."

Seif alicheka. "Haya, binti wa kompyuta." Bunda likabaki ufukweni.

Usiku ulipita chini ya turubai. Kulipokucha, magugu yalikuwa yameisogeza mashua hadi karibu na Seme. Mbele yao palikuwa na matete, kisha mwamba wenye mti mmoja. Damu ilikuwa imepungua lakini haikukoma. Midomo ya Seif ilikuwa myeupe.

Opondo aling'oa mbao mbili za sakafuni na kujifunga kamba ya kupimia kiunoni.

"Nalala juu ya ubao mmoja, nasukuma mwingine mbele. Nikifunga pale kwa mti, madam, wewe unavuta. Mashua itafuata kama ng'ombe."

"Na kiboko je?" Lornah aliuliza.

"Kiboko ana akili zake. Hawezi kuingia kwa takataka kama hii. Ni sisi tu."

Hata Seif alitabasamu.

Opondo alitambaa. Magugu yalibonyea chini yake, maji meusi yakapanda hadi kidevuni, akaendelea. Kamba ilitoka mashuani mkunjo baada ya mkunjo. Kisha ikakazika mkononi mwa Lornah, na Opondo hajafika kwenye mti.

"Kamba imeisha!" Opondo alipaza sauti.

"Umebaki umbali gani?" Lornah aliuliza.

"Mita thelathini hivi! Nikiachia, upepo utawarudisha ndani! Yawa, jamani, sitawaona tena!"

Kweli upepo ulikuwa umeanza kugeuka. Lornah alimtazama Seif. Alikuwa amesikia yote.

"Usinitazame mimi," alisema. "Tazama kilichomo mashuani."

Palikuwa na kamba ya nanga, mita kumi na mbili. Palikuwa na mikanda ya majaketi ya kuokolea. Turubai alilipasua vipande kwa panga lile lile, akavisokota. Kila fundo alimpelekea Seif alikague kwa vidole.

"Hili litafunguka. Rudia."

Akarudia.

"Kunywa maji, mzee."

"Baadaye. Rudia na lile lingine."

Akarudia, kisha akamnywesha yeye mwenyewe, mafunda mawili. Jua lilipanda likafika utosini. Wakati wote huo Opondo alilala juu ya ubao wake, ameshika mwisho wa kamba, akiimba wimbo wa kanisani ili wajue bado yupo.

Walipoachia kiungo kile kipya, alifika. Alifunga kwenye mti na kuinua mkono.

Lornah alivuta. Alihesabu kwa sauti kila mvuto, na nyuma yake Seif akahesabu pamoja naye. Ngozi ya viganja ilichubuka, kamba ikawa na utelezi wa damu, akaizungushia blauzi na kuvuta tena. Kwenye mia moja na arobaini alisikia sauti yake peke yake. Hakugeuka. Alijua akigeuka mikono itaacha kuvuta.

Opondo aliudaka ubavu wa mashua pale mwambani. Akatazama nyuma ya Lornah, akavua kofia.

"Madam," alisema, "wacha kuvuta. Tumefika."

Vijana wa ufuoni waliwabeba hadi hospitali ya Kombewa. Daktari alisema, bila kumlaumu mtu, kwamba kufika saa mbili mapema kungemwokoa.

Seif alizikwa Kisumu kesho yake. Naeema, mkewe, aliishika mikono ya Lornah yenye bandeji.

"Alikunywa maji?"

"Alikunywa, mama."

"Neno lake la mwisho?"

"Alikuwa ananihesabia. Kabla ya hapo alisema fundo langu litafunguka."

Naeema alicheka kidogo, na kicheko kikageuka kilio.

Miezi minane baadaye waya ulitoka majini pale pale kwenye mwamba, chini ya ule mti. Mathews, kiongozi wa wachimbaji, alifunua shimo la zege na kukuta ndani yake waya umeviringishwa, mizingo juu ya mizingo, umefungwa kwa uangalifu. Alisoma mchoro, akakuna kichwa.

"Dada, hizi mita thelathini ni za nini? Ama ulipima vibaya?"

Lornah alipiga magoti, akagusa fundo kwa vidole, akalifungua, akalifunga upya.

"Eeh," alisema. "Nilipima vibaya."