Diski Iliyokosa Mkalimani

Appolinaire alikuwa akipepeta maharagwe mbele ya nyumba yake, na kama kawaida alikuwa akigombana na watu ambao hawakuwapo. Aligombana na wakubwa wa mgao wa chakula. Akamaliza, akahamia kwa wakubwa wa maji. Hata mvua ikichelewa, yeye alitafuta mkubwa wa kumlaumu. Binti yake Mariette, mwenye miaka mitano, aliokota mawe katika maharagwe bila kumjali. Alikwishazoea.

Majirani zake hapo Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, walimcheka kidogo. Hawakumcheka sana, kwa sababu walijua jinsi mke wake alivyokufa.

Mke huyo aliitwa Goretti. Alitoka kijiji cha milimani huko Walungu, Kivu Kusini, na lugha aliyoijua ilikuwa Mashi tu. Mtu akimsemesha Kiswahili, alitabasamu. Mariette alikuwa hajaanza kutembea wakati mama yake aliposhikwa na maumivu ya tumbo. Siku hiyo Appolinaire alikuwa sokoni Rwekubo akiuza mahindi. Goretti akaenda kliniki peke yake. Mkalimani wa Mashi hakuwapo. Muuguzi akamwuliza kwa Kiingereza, akamwuliza kwa Kinyankole, kisha akajaribu Kiswahili. Goretti akatabasamu. Basi ikaandikwa kwamba mgonjwa hana la kulalamika. Akapewa vidonge vya kichwa, akarudi nyumbani. Kabla ya Jumapili walimzika.

Tangu hapo Appolinaire hakumwamini tena mtu yeyote mwenye kalamu mkononi.

Goretti alikuwa mwimbaji wa kwaya. Kijana Elisée, aliyekuwa akiirekodi kwaya ile, alipopata safari ya kuhamia ng'ambo, alimpa Appolinaire diski ya nje. Ilikuwa kisanduku cheusi cha kutosha kiganjani, chenye waya mfupi wa kuchomeka kwenye kompyuta.

"Sauti ya mama Mariette iko humu," Elisée alimwambia. "Siku ukipata ordinatere, hiyo kompyuta, utamusikia."

Appolinaire aliifunga diski katika kitenge cha marehemu, akaiweka. Hakuwa na nguvu ya kuisikiliza. Lakini mwaka huu Mariette alianza kuuliza.

"Papa, mama alikuwa anaongea namna gani? Sawa mama Chantal wa jirani?"

"Hapana. Si sawa mama Chantal."

"Sawa nani?"

Sauti ya mtu haielezeki. Appolinaire akafungua kitenge, akatoa diski.

Katika makazi yale kulikuwa na chumba cha kompyuta kilicholetwa na mradi fulani. Wakubwa walikuja na gari, wakapiga picha, wakaondoka. Aliyeachiwa funguo alikuwa Gakwaya, mkimbizi mwenzao, ambaye alifundishwa kuwasha mashine, kuandika barua na kuchapisha. Zaidi ya hapo hakufundishwa.

Gakwaya alichomeka waya. Taa ndogo ya diski ikawaka. Kisha maneno yakatokea kwenye kioo.

"Inasema nini?" Appolinaire aliuliza.

"Inasema lazima tuifomati kwanza, njo itumike. Tunabonyeza hapa, Ndiyo. Inakuwa muzima."

"Na vitu vya ndani?"

"Baba Mariette, ndani hamuna kitu. Angalia mwenyewe. Hii diski ilikufa. Tukiifomati, itafufuka."

Nyuma yao vijana walikuwa wamepanga foleni. Mmoja akaguna. "Muzee, kubali tu. Siye tunangoja."

Kubali tu. Appolinaire aliyajua maneno hayo. Alikwishaambiwa kubali tu, weka dole gumba hapa, na kila mara kilichofuata hakikuwa kizuri. Akanyoosha mkono, akavuta waya ukachomoka.

"Mutu wa ofisi akiniambia kubali, mimi nakataa kwanza," alisema. "Kisha njo nauliza."

"Mimi si mutu wa ofisi," Gakwaya alisema, amekasirika. "Mimi ni mukimbizi sawa wewe."

"Unaikalia kiti yao."

Mama Chantal, jirani yake, ndiye aliyemwelekeza mjini Mbarara. Huko kulikuwa na binti wa Bukavu aitwaye Benitha, aliyekuwa akitengeneza kompyuta katika kibanda cha fotokopi. Appolinaire alimwacha Mariette kwa mama Chantal, akaenda.

Benitha alikuwa mwanamke mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimsikiliza hadi mwisho, akaichomeka diski kwenye kompyuta yake. Yale maneno ya Nakivale yakatokea tena.

"Umeona?" Appolinaire alisema. "Ilikufa."

"Haikufa. Weka sikio hapa."

Akaweka. Ndani ya kisanduku kulikuwa na mvumo mdogo, wa kitu kinachozunguka.

"Iko muzima," Benitha alisema. "Taa inawaka. Ordinatere inaona kama kuna diski, inaona hata ukubwa wake. Kinachokosekana ni dereva."

"Dereva? Kintu hiki hakina magurudumu."

"Njo jina lake kwa Kiingereza. Kwa Kifaransa banasema pilote."

"Mbaya zaidi," alisema Appolinaire. "Pilote wa ndege ya kutuhamisha tulimungoja Nakivale hata tukachoka."

Benitha alicheka mpaka miwani ikateleza. Kisha akavuta kiti.

"Basi achana na dereva. Mimi namwita mukalimani. Baba, ulipitia Kabazana, pale banapopokea wakimbizi?"

"Nani hakupita?"

"Balikuhoji namna gani?"

"Mimi Kiswahili najua. Mke wangu alihojiwa kwa wakalimani wawili. Mmoja alitoa Mashi, akaweka Kiswahili. Wa pili alitoa Kiswahili, akaweka Kiingereza. Jibu likarudi kwa njia ile ile."

"Humu ndani ni vile vile. Wewe unasema, nataka wimbo wa kwaya. Lakini diski haijui wimbo ni nini. Haijui kwaya. Yenyewe inajua visanduku tu, mingi sana, na kila kimoja kina namba yake. Ukiiambia soma kisanduku hiki, inasoma. Ukiiambia andika katika kile, inaandika. Basi, lugha yake inaishia hapo."

"Kwa hiyo lazima mtu ageuze maneno."

"Lazima. Si mutu, ni programu ndogo ndani ya ordinatere. Mukalimani wa kwanza anajua namna visanduku vilivyopangwa. Unamuambia wimbo fulani, anasema, wimbo huo uko katika visanduku hivi na hivi. Anampa wa pili. Wa pili anageuza ile kuwa amri ambazo diski inaelewa, anazipitisha katika waya. Diski inafanya kazi. Inarudisha ilichosoma, na inajibu: nimemaliza, ao nimeshindwa."

Appolinaire alikuna kidevu. "Sasa nani hakuja kazini?"

"Wa pili yuko. Karibu kila ordinatere iko naye, kwa sababu diski za waya huu zilitengenezwa kusema lugha moja. Wa kwanza njo hayuko. Huyo Elisée alitumia ordinatere gani?"

"Ile iliyo na tunda mugongoni. Tunda lililong'atwa."

"Njo maana. Zile zinapanga visanduku kwa namna yao. Hii yangu, na ile ya Nakivale, hazijui mpango huo. Zinaona visanduku vimejaa, hazijui zisome wapi kwanza. Na badala ya kusema, mimi sielewi, zinasema, hapa hamuna kitu, nikufomatie."

Appolinaire aligeuka kutazama mlangoni. Nje ya kibanda, pikipiki zilipita moja baada ya nyingine. Benitha alidhani hajaelewa, akataka kurudia.

"Nimeelewa," Appolinaire alisema. "Vile njo baliandika juu ya mke wangu."

"Waliandika nini?"

"Kwamba hana la kulalamika."

Akamweleza. Alieleza kwa maneno machache, akiitazama ile taa ndogo ya diski. Alipofika kwenye vidonge vya kichwa, Benitha alivua miwani.

"Alikuwa na mingi ya kusema," Appolinaire alisema mwishowe. "Usiku wote alikuwa ananiambia mimi. Mimi njo nilienda kuuza mahindi."

"Baba."

"Na kama tungebonyeza ile Ndiyo?"

"Kufomati ni kufuta mpango wa zamani na kuweka mpya. Visanduku vyote vinahesabiwa kuwa vitupu. Baadaye wimbo mwingine unaandikwa juu ya wimbo wake. Kuna wakati tunaokoa kidogo. Kuna wakati hatupati kitu."

"Bakubwa banajua haya?"

"Bengine banajua."

"Na hawakutuambia."

"Mimi nimekuambia wewe," Benitha alisema. "Wewe utamwambia huyo wa Nakivale. Tukingoja bakubwa tutazeeka."

Akaanza kazi. Alitafuta kwenye mtandao programu ya mkalimani aliyekosekana, yule anayejua mpango wa kompyuta za tunda. Akaiweka katika mashine yake.

"Nimemukataza kuandika," alieleza. "Asome tu. Kintu cha marehemu hatukichezei."

Kisha akachomeka diski upya. Safari hii kioo hakikusema habari za kufomati. Majina yakajipanga, nyimbo za kwaya, moja chini ya nyingine. Appolinaire hakujua kusoma vizuri, lakini jina la Goretti alilitambua. Lilitokea mara kadhaa.

Benitha alijaribu la kwanza, halikufunguka. La pili, halikufunguka. Akaendelea kushuka. Uso wake ulibadilika.

"Zimeharibika," alisema. "Wakati wa kuandika, umeme ulikatika, ao mutu alivuta waya mbele kazi haijaisha."

Appolinaire aliondoa mkono wake karibu na waya. "Mimi niliuvuta. Kule Nakivale."

"Kule hamukuandika kitu. Kosa hili ni la zamani. Lakini usirudie kuvuta. Ordinatere inaweza kukuonyesha imemaliza, kumbe maneno mengine bado yako kwa wakalimani, hayajafika kwa diski. Kwanza unaiambia unataka kuitoa. Ikisema salama, njo unachomoa. Umeskia?"

"Nimesikia. Endelea."

Jina la mwisho lilifunguka. Halikuwa wimbo. Ilikuwa video fupi tu, ya kujaribu mashine kabla kwaya haijaanza. Goretti alitokea kwenye kioo amekaa kwenye benchi, akafungua kinywa.

Appolinaire alifunika kioo kwa kiganja. "Zima. Si hapa."

Benitha akazima. Alinakili video ile kwenye kadi ya simu ya Appolinaire na kwenye flashi ndogo, kwa mpango ambao simu na kompyuta nyingi zinauelewa. Appolinaire alinyoosha mkono kuchukua flashi. Benitha akaushika mkono ule, akaubana mezani mpaka mashine iliposema salama.

"Kopi moja si kopi," alisema. "Hii ya simu ni yako. Flashi iweke kwa mutu mwingine, nyumba ingine. Moto hauunguzi nyumba mbili zisizokaribiana."

Aliporudi, Appolinaire alimpa mama Chantal flashi amtunzie. Kisha akaenda chumba cha kompyuta. Gakwaya alimwona, akajiandaa kwa ugomvi. Appolinaire akaketi, akamweleza habari za wakalimani wawili, kwa ukali kidogo, maana hakujua namna nyingine ya kueleza. Gakwaya alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akatoa kalamu, akauliza jina la ile programu.

Siku hizi katika chumba kile, diski isiposomeka, hawabonyezi Ndiyo. Wanaitoa kwa utaratibu, wanamuuliza mwenyewe ilitumika kwenye mashine gani. Mama mmoja ameokoa picha za harusi ya mwanawe aliyebaki Kongo. Mwingine alikuwa amekwishachelewa, diski yake ilishafomatiwa.

Kliniki bado haina mkalimani wa kudumu wa Mashi. Wakubwa wamesema wanalishughulikia. Appolinaire hawaamini. Mwanamke wa Walungu akija mgonjwa, mtu hutumwa kumwita Appolinaire shambani. Huja na jembe begani, na udongo miguuni, analalamika njia nzima. Akifika, humwuliza mgonjwa kwa Mashi, panauma wapi. Kisha humsimamia muuguzi mpaka aandike yote.

Jioni ile aliyorudi kutoka Mbarara, alimpakata Mariette, akashika simu kati yao wawili. Alikawia kubonyeza. Mariette akabonyeza mwenyewe.

Goretti alikuwa kwenye benchi. Alikinga macho kwa mkono, akasema maneno machache, akageuka kutazama kando, akasema mengine. Kisha ikaisha.

Mariette amekua katika Kiswahili cha majirani. Mashi haijui. Alimtazama baba yake.

"Papa, anasema nini?"

Appolinaire alifuta kioo cha simu kwa kidole gumba.

"Anasema taa inamuumiza macho."

"Na kisha?"

"Kisha anauliza kama mutoto amelala."

"Mutoto gani?"

"Wewe," alisema Appolinaire. "Anauliza juu yako."