Posa ya Mtani

"Eti Eustadia, huyo mwalimu Mluguru anakutania au anakutaka?"

Koleta, jirani yao wa mtaa wa Ng'ambo, aliwahi kumuuliza hivyo wakianua mahindi. Eustadia alicheka tu. Mtani ni mtani, alijibu.

Yeye na mwalimu huyo, Raymundi, walikuwa wamekutana sokoni Tabora, katikati ya msongamano wa watu na baiskeli. Raymundi alikuwa mgeni, kaptula nyeupe imepigwa pasi, viatu vimejaa vumbi. Alionja asali ya Eustadia kwa kidole, akamuuliza kabila lake. Aliposikia ni Mnyamwezi, akakitwaa kibuyu cha asali bila kuomba.

"Mke wangu, babu zako walipita kwetu na misafara ya pembe za ndovu, wakamaliza mihogo yetu. Leo zamu yangu."

"Mume gani mwenye miguu ya korongo? Weka kibuyu changu chini."

Soko likacheka. Hakuna aliyeshangaa, kwani utani wa Wanyamwezi na Waluguru ulianzia njia ya misafara.

Kila alasiri Raymundi aliwafundisha kina mama, Eustadia akiwemo, kusoma katika banda la parokia. Aliwachorea picha zinazofuatana, maneno yakitoka midomoni mwa watu. Katika ya kwanza, mtu anarina asali. Katika ya pili, mkewe anasema, "Nirinie na mimi." Katika ya tatu, mrinaji anatimua mbio, nyuki wamemganda matakoni. Neno lilikuwa moja, rina. Aliliongezea kipande mbele au nyuma, na kina mama wakapata mengine wakicheka. Yule mke alivaa kanga ya madoa mekundu, kama ya Eustadia. Moyo ukamwenda mbio binti wa watu. Akamwomba Mungu amwondolee ujinga, maana mtani humwita kila mwanamke mke.

Siku moja Raymundi alikwenda kwa Mzee Lugembe, babake Eustadia, akamwambia anataka kumwoa bintiye. Mzee alicheka hadi akakohoa, akasema Waluguru hawajaacha uchokozi. Eustadia naye alicheka. Raymundi akaaga, na tangu hapo hakukanyaga sokoni.

Kisha misheni ikaamua kumhamishia Kigoma. Katika somo la mwisho alitundika picha mpya: kijana anaposa, mposaji anachekwa, msichana anaposwa. Mdomoni mwa msichana kulitoka kiduara cha maneno, lakini kitupu.

Kina mama wakaangua kicheko. Eustadia alimtazama mwalimu usoni.

"Mtani, siku zote unaanza wewe kucheka. Leo mbona hucheki?"

"Leo sitanii, Eustadia. Na siku ile kwa baba sikutania."

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Ndiyo shida yangu. Nimekuita mke mara nyingi mno."

Eustadia akajifunga kanga vizuri. "Basi twende nyumbani. Safari hii sitacheka."

Mzee Lugembe alikuwa barazani akisuka mkeka. Alipomwona Raymundi, akaanza kutabasamu, akamuuliza kama amekuja kuiba kuku.

"Baba, usicheke," Eustadia alisema. "Anaposa kweli. Na mimi nimemkubali."

Raymundi alivua kofia, akainama. "Shikamoo, baba."

Mzee alisubiri tusi la utani lifuate. Halikufuata. Akamwangalia kijana, akamwangalia bintiye, tabasamu likamfifia polepole.

"Marahaba, mwanangu."

Akauweka mkeka kando, akaingia ndani kuvaa kanzu ya Jumapili, akatoka, akashika njia ya kwa kaka yake mkubwa, ambako ndoa zote za ukoo hupangwa.