Doa la Sita

Mimi ni dobi, na dobi anamjua mtu kuliko daktari wake. Daktari unamwambia unachotaka asikie. Nguo zako zinaniambia zenyewe. Najua nani kaanza tena sigara, nani analia usiku na kujifuta kwa mkono wa shati. Kwa hiyo nikisema niliona madoa, usiniambie yalikuwa jasho. Jasho nalijua.

Alhamisi ile, jua likizama, nilibeba kapu la nguo zilizopigwa pasi kulipeleka ukumbi wa yoga, ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Kazi ya kila wiki. Huwa naliacha mlangoni, nachukua nguo chafu, narudi zangu. Siku ile sikuwa na nia ya kuishia mlangoni. Kifuani nilikuwa nimeficha kitambaa cheupe cha kichwani cha mdogo wangu. Pale panapokaa kati ya nyusi palikuwa na doa. La sita.

Mdogo wangu tunamwita Chiriku, maana tangu utoto mdomo wake haukupata likizo. Mwaka jana alijifungua mtoto aliyekwisha kufa, na Chiriku akanyamaza. Hakula, hakulala, alikaa kitandani akitazama ukuta. Mimi ndiye niliyempeleka yoga. Nalisema mwenyewe kabla hujaniuliza.

Na mwanzoni ilimfaa. Mwalimu wa kwanza alikuwa mama mtu mzima mwenye magoti mabovu, aliyewafundisha kupumua tu kwa miezi mitatu. Aliniambia mwili una vituo saba vya nguvu, wenyewe wanaviita chakra, vimepandana kama ngazi kutoka mwisho wa uti wa mgongo mpaka utosini.

"Havifunguliwi kwa pupa, mwanangu," alisema. "Kimoja kinaweza kukuchukua mwaka. Na kila siku ukipanda, lazima ushuke kabla hujaenda nyumbani."

Chiriku akaanza kulala. Siku moja akanitania kwamba nanuka sabuni hata nikiwa ndotoni. Nilikwenda uani nikalia kwa furaha.

Kisha yule mama akahamia mji mwingine kulea wajukuu. Akaja mwalimu mpya, mwembamba, sauti ya chini, asiyekuwa na muda wa kupoteza. Kila wiki kituo kimoja.

Wiki ya kwanza suruali ya Chiriku ilikuja na doa la mviringo, dogo kama kizibo cha chupa, chini ya mgongo. Nikalisugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa maji ya moto. Wapi! Lilinuka nywele zilizoungua. Wiki ya pili, doa jingine chini ya kitovu. Ya tatu, kwenye chembe ya moyo. Ya nne kifuani. Ya tano kwenye kola, penye koo. Na kila doa lilipopanda, Chiriku alipungua maneno na kuongeza tabasamu. Majirani wakasema amepona. Mimi nikajisemea kimya kingi kina mshindo mkuu, kisha nikajikemea kwa kumwombea mtu mabaya.

Kilichonitoa usingizini ni nguo za karani wa benki, aliyekuwa akifanya yoga pamoja na Chiriku. Yeye alikuwa mbele ya wenzake wote. Zamani nguo zake zilinuka mafuta ya uso na kwapa la mtu mwenye haraka. Baada ya doa lake la saba, zikaja na mikunjo, na magoti yamechakaa, na... hazina kitu. Si jasho, si mafuta, si mtu. Nilizinusa mara tatu.

Hakuna anayevaa nguo wiki nzima asiache chochote chake ndani yake.

Labda kama hayumo.

Basi nikapanda ngazi. Taa ya ngazini ilikuwa imekufa. Nilipofika kona ya kwanza nikasikia mvumo, mmmm... wa chini kabisa, unaingia miguuni kabla ya masikio. Nilipofika kona ya pili, harufu. Nywele zilizoungua.

Nikasukuma mlango.

Walikuwa wanane wameketi kwenye mikeka, migongo imenyooka, macho yamefumbwa. Midomo yao pia ilikuwa imefumbwa. Mvumo ulikuwa unatoka juu yao, kwenye dari, mahali pasipo na mtu. Chiriku alikuwa mbele, kitambaa kipya kichwani. Mwalimu alisimama nyuma yake, mikono kifuani. Hakuwa amemgusa.

Lakini kitambaa kilikuwa kinabonyea.

Kilibonyea polepole utosini, kama godoro linavyobonyea mtu asiyeonekana akiliketia. Moshi mwembamba ukaanza kutoka. Kikazama zaidi. Utosi wa mtu mzima ni mfupa, jamani! Kilikuwa kinazama wapi?

Mimi sina subira na doa. Doa unalikamata likiwa bichi, ndivyo nilivyofundishwa. Nikatupa kapu, nikaruka ile mikeka, nikakibandika kiganja changu juu ya kichwa cha mdogo wangu, nikakandamiza kwa nguvu zote nilizonazo.

Kulikuwa na kitu. Kilikuwa cha moto, na kilikuwa kinasukuma.

Mwalimu akanong'ona, "Dada... usifunge."

"Nyamaza!"

"Dada, nakuomba. Kimefika katikati. Acha kiingie au acha kitoke, lakini usifunge sasa."

Niligeuka nimtukane. Nikaona analia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechokonoa mzinga akidhani ni mtupu. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, na badala ya kunifanya nisikilize, likanifanya nikandamize zaidi.

Mvumo ukakatika.

Wale saba wakafumbua macho kwa pamoja, wakanitazama. Wakatabasamu tabasamu moja.

Nilimbeba Chiriku mgongoni, nikashuka ngazi zile gizani sijui vipi. Hakuna aliyetufuata.

Alilala siku mbili. Alipoamka, jicho la kushoto lilikuwa linalia. La kulia lilikuwa limetulia, linanichunguza, kisha likahamia dirishani, kisha kwenye mikono yangu, kama la mgeni anayekagua chumba alichopewa. Mkono mmoja ulikuwa wa moto, mwingine wa baridi. Baada ya wiki ikabadilishana, na jicho lililokuwa likilia likaacha, la pili likaanza.

Nilirudi ukumbini. Mtupu. Hata mikeka haikuwepo. Mlinzi wa jengo alisema wote wamehama pamoja na mwalimu wao, wakaniachia karatasi yenye anwani ya mji mwingine. Waliiandika "Kwa dada yake", kwa mwandiko mzuri wa karani.

Nilimtafuta yule mama mwenye magoti mabovu kwa simu. Nikamweleza yote.

"Uliufunga utosi kikiwa katikati?"

"Ndiyo, mama. Nilimwona anaungua."

"Ungechelewa kidogo kingemmaliza. Sikulaumu. Lakini sasa nusu ya mdogo wako iko nje, na nusu ya kitu hicho iko ndani." Akavuta pumzi. "Kufungua tena, wale wanajua. Atakayerudi ndani ni nani, hilo silijui. Muulize mwenyewe anataka nini."

"Nikimuuliza, atakayenijibu ni nani?"

Nilimsikia analia, nikakata simu, maana nami nilikuwa nalia na hatukuwa tunasaidiana.

Jana jioni nikamuuliza. Niliketi kitandani kwake, nikaushika mkono wake chini ya shuka. "Chiriku, wakiufungua tena, utabaki wewe?"

Macho yote mawili yakajaa machozi. Mdomo wake, baada ya miezi, ukasema kwa sauti yake ileile ya zamani, "Ndiyo, dada. Nirudishe. Huku nje kuna baridi."

Moyo ukaniyeyuka. Nikainama nimbusu.

Chini ya shuka, mkono wake ukanibana vidole mpaka vikalia. Ukautikisa mkono wangu kushoto na kulia, kushoto na kulia, taratibu, kama mtu anayesema hapana na hataki mwenzake asikie.

Nikamtazama. Mdomo ulikuwa bado unatabasamu, unasubiri jibu.

Basi la kwenda mji ule huondoka saa kumi na mbili asubuhi. Sasa ni saa kumi na moja. Nimezikunja nguo zake mara tatu nikazipanga kwenye begi, na mara tatu nimezirudisha kabatini. Yuko mlangoni, ameshavaa viatu, ananiuliza kama tunakwenda.